Joka refu, la miguu miwili au la miguu minne: mwanafunzi wa kuchora aanze na lipi?

Anayetaka kujifunza kuchora joka mara nyingi hukimbilia lile la hadithi za Ulaya: miguu minne, mabawa mawili mgongoni, moto mdomoni. Ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalowakatisha watu tamaa kabla daftari halijafika nusu. Yako majoka matatu ya kuchagua, na yanatofautiana kwa mifupa kabla hayajatofautiana kwa pembe na rangi.

Joka refu ni la China na nchi jirani: mwili wa nyoka, miguu minne mifupi, mabawa hakuna. Joka la miguu miwili lina miguu ya nyuma tu, kwa sababu mikono yake ndiyo iliyogeuka mabawa. Joka la miguu minne lina miguu yote na mabawa juu yake, yaani viungo sita. Hakuna mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo aliyeumbwa na viungo sita, na shida ya mchoraji inaanzia hapo: hana wa kumtazama.

Joka lenyewe hujaliona na hutaliona. Lakini mtu aliyeko Lamu amezungukwa na vipande vyake: popo kwenye mikungu na miembe magharibi ikiingia, kenge vichakani, paka kila baraza, punda kila uchochoro, mkunga na tewa kwa wavuvi, mwewe juu ya gati. Basi pima kila joka kwa swali moja: viungo vyake vingapi naweza kwenda kuvitazama leo hii? Kwa kipimo hicho la miguu miwili ni la kwanza, refu linafuata, la miguu minne liko nyuma kabisa. Anayeweza kuruka foleni hii ni yule ambaye mkono wake umeshazoea kuchora nakshi za milango. Huyo aanze na refu, na sababu yake itaonekana.

La miguu miwili: popo mbele, kuku nyuma, ngozi ya kenge

Bawa la popo ni mkono. Kuna mfupa wa juu unaotoka begani, kuna kiwiko, kuna mfupa wa mbele ulio mrefu kuliko ule wa juu, kisha kifundo. Vidole vyote huanzia kwenye kifundo. Kidole gumba ni kifupi, kiko huru na kina ukucha. Vinne vilivyobaki vimerefushwa kama fito, na cha kati hupita vyote. Utando umewambwa baina ya fito hizo, na kutoka kidole cha mwisho unarudi ubavuni mpaka karibu na kifundo cha mguu. Mtazame popo akiwa ananing'inia au akipita dhidi ya mwanga. Ukimkuta ameanguka, usimshike kwa mikono mitupu, maana popo wanaweza kubeba maradhi. Piga picha, inatosha.

Laza karatasi ya A4. Kama mkuku wa chombo, uti wa mgongo hulazwa kwanza: mstari mmoja mwepesi wa S iliyolegea, kama sentimita 24 kutoka pua hadi ncha ya mkia. Gawa hivi: kichwa 3, shingo 4, kiwiliwili 6, mkia 11. Juu ya kiwiliwili weka mayai mawili yanayopandana kidogo, la kidari sentimita 5 na la nyonga sentimita 3. Kidari ni kikubwa kwa makusudi. Ukimchinja kuku utaona nyama nyingi iko hapo, na mfupa wake una ukingo uliochomoza katikati, tena nao unafanana na mkuku. Misuli ya kurukia imeshikamana na ukingo huo. Joka lenye kidari chembamba litaonekana limebandikwa mabawa ya kukodi, hata ukiyafanya makubwa namna gani.

Kisha bawa la karibu. Kutoka begani vuta mstari wa sentimita 4 kuelekea nyuma na juu kidogo; mwisho wake ni kiwiko. Hapo geuka, vuta sentimita 6 kwenda mbele na juu. Mwisho wake ni kifundo. Kutoka kifundoni, na si mahali pengine, vuta vidole vinne vilivyopinda kidogo kuelekea nyuma: cha kati sentimita 11, vya pembeni vifupi kuliko hicho. Gumba liweke kama kulabu juu ya kifundo.

Makosa matatu ndiyo yanayoharibu bawa karibu kila mara. La kwanza ni kutoa vidole sehemu tofauti za mkono, kimoja kiwikoni, kimoja katikati, na matokeo yake ni mwavuli uliovunjika. La pili ni kiwiko kinachotazama mbele. Kunja mkono wako mwenyewe uone: kiwiko kinakwenda nyuma, na cha popo vilevile. La tatu ni ukingo wa utando. Wanafunzi huutokeza nje baina ya ncha na ncha, mfano wa petali za ua. Tazama turubai la harusi lililofungwa kwenye nguzo: baina ya nguzo mbili ukingo wake unaingia ndani, kwa sababu kitambaa kinavutwa. Utando wa bawa nao unavutwa. Mikunjo yake ujifunze kwenye tanga: huanzia pale tanga lilipofungwa, ikatawanyika na kufifia kabla ya kufika katikati. Mikunjo iliyotawanywa ovyo huligeuza bawa likawa shuka.

Bawa la mbali lichore kabla ya mwili, jembamba zaidi na kwa mstari mwepesi. Anayenakili la karibu tu na kulipachika upande wa pili hupata kipepeo.

Miguu itoe kwa kuku. Kile kinachoonekana kama goti linalopinda nyuma ni kisigino. Goti lenyewe limejificha juu, karibu na tumbo, chini ya manyoya. Ukilijua hilo mguu unakuwa na vipande vitatu badala ya viwili, na joka linasimama. Kisha dondosha mstari wima kutoka pale mayai mawili yanapopandana. Nyayo ziwe chini ya mstari huo au karibu nao. Zikiwa nyuma sana, joka litaonekana linaanguka kifudifudi. Ama uusogeze mguu mbele, ama urefushe mkia ulete mizani.

Joka refu: kazi ya kamba

Hili lina historia na pwani yetu. Vyombo vya kaure kutoka China vilifika Pate, Shanga na Manda, miji ya kale ya visiwa vya Lamu, karne nyingi zilizopita, na vikapangwa kwenye zidaka za nyumba za mawe. Huko Manda ilifukuliwa sarafu ya shaba ya Yongle, mfalme wa China, na habari yake ikatangazwa mwaka 2013. Enzi ya Yongle ndiyo iliyotuma merikebu za Zheng He, amiri wa bahari wa China, na mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga China, ambako watu walimfananisha na mnyama wao wa heri. Kwa hiyo anayetafuta joka refu la kunakili anaweza kuanza kwenye sahani ya buluu na nyeupe badala ya simu. Mistari ya sahani ni michache na ilivutwa na mkono uliojua unakwenda wapi.

Wepesi wake: halina bawa, halina kidari kikubwa, na miguu ni mifupi. Ugumu wake uko pahala pamoja tu, mwili unaojikunja na kupita nyuma ya mwenyewe. Mwanafunzi huchora pindo la kwanza, halafu pindo la pili lichomoze popote palipo wazi. Jicho la mtazamaji linakataa, ingawa mwenyewe hajui kwa nini. Dawa yake ni kuchora mwili wote kwa wepesi, pamoja na sehemu zitakazofichwa, kama vile mwili ni kioo, kisha kuzifuta. Sehemu iliyofichwa ikichorwa kweli, inatokea mahali pake.

Kuna zoezi linalopita vitabu vingi. Chukua kipande cha mpira wa maji, mita moja. Bandika utepe upande mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: huo ni mgongo wenye miiba. Upande ulio mkabala chora mstari wa biro: hilo ni tumbo. Usokote mezani na kuuinua mahali, kisha uchore unachokiona. Utagundua kwamba mgongo hauko juu siku zote. Mwili ukijipinda, utepe unaingia nyuma na tumbo linajitokeza. Joka linaloonyesha mgongo kila mahali linakuwa bapa kama utepe wenyewe. Hapa ndipo fundi wa nakshi anapowapita wengine: mnyororo unaopita juu na chini ya mwenzake ameshauchora mara mia, na mkono wake unajua wapi pa kukata mstari.

Vipimo si vya kubahatisha. Wachoraji wa China wa enzi ya Song waliugawa mwili mafungu matatu yanayolingana: kichwa hadi bega, bega hadi kiuno, kiuno hadi mkia. Mstari wa sentimita 30 basi una miguu ya mbele kwenye 10 na ya nyuma kwenye 20. Walioanza karibuni huibana yote minne karibu na kichwa, na joka likageuka mjusi mwenye mkia usiokwisha.

Wachina pia wana orodha ya mifano tisa ya viungo vyake: pembe za kulungu wa kwao, kichwa cha ngamia, macho ya jini, shingo ya nyoka, tumbo la chaza, magamba ya samaki, kucha za tai, nyayo za chui mkubwa wa milia wa Asia, masikio ya ng'ombe. Karibu yote yana badala yake hapa. Magamba yatazame kwa tewa au changu kabla hajaparwa. Kucha zitazame kwa mwewe, nyayo kwa paka aliyelala ubavu. Pembe ndizo zinazoponza watu, kwa sababu wanyama wa pori la kwetu, swala na paa, wana pembe zisizo na matawi, nyingine zenye pete. Za yule wa Asia zinatawika kama mti. Okota kijiti kikavu cha mkoko chenye panda mbili tatu ukichore. Ndicho kielelezo kizuri kuliko pembe yoyote utakayoiona Kenya.

Idadi ya kucha ina maana. Kucha tano zilikuwa alama ya mfalme wa China. Joka la Kijapani kwa kawaida lina tatu. Ukichanganya mbele tano na nyuma tatu, anayejua atacheka.

Nyumba nyingine za Lamu hazipendi picha za viumbe, na nakshi za milango yetu zenyewe ni za maua, majani na minyororo. Anayeishi katika nyumba kama hiyo anaweza kufanya zoezi la mpira na la magamba miezi kadhaa bila kuchora kichwa wala jicho, na hakuna mazoezi ya joka hili yenye faida kuliko hayo.

La miguu minne: subiri

Tatizo lake ni mabega. Popo na kuku wana jozi moja ya mabega, na hili linadai mbili: moja ya miguu ya mbele, moja ya mabawa. Mwanafunzi huchora paka kamili, kisha akabandika mabawa katikati ya mgongo, pale ambapo chini yake kuna mbavu na tumbo tu. Bawa halina pa kushika. Njia inayokubalika na macho ni kurefusha kidari kwa karibu theluthi moja, kuliweka bega la bawa juu na nyuma kidogo ya bega la mguu, na kuchora misuli inayoshuka kutoka kwenye bawa hadi kidarini, ikipita nyuma ya mguu. Kama kidari chako kwenye zoezi la kwanza kilikuwa sentimita 5, hapa kiwe 6 na nusu.

Kabla ya hapo amua miguu inasimamaje, kwa sababu uamuzi huo unabadilisha mwili wote. Miguu ya kenge imetoka pembeni, viwiko nje, tumbo karibu na mchanga. Akitembea, mwili unajipinda kushoto na kulia, na mguu wa mbele wa kulia unakwenda pamoja na wa nyuma wa kushoto. Miguu ya paka iko chini ya mwili. Akikimbia, mgongo unakunjuka juu na chini. Joka lenye miguu ya kenge na mgongo wa paka linatatiza jicho papo hapo. Kenge ni wa jamii moja na yule mjusi mkubwa wa Komodo, huko Indonesia, ambaye hata jina la Kiingereza amepewa la joka, basi hujashuka daraja ukimtumia. Msafara wa mamba na kenge wamo.

Punda tunao tele, na wengi huwachukua kuwa vielelezo vya miguu. Inafaa kwa nyonga na kwa uzito wa bega, lakini punda anasimama juu ya kidole kimoja chenye kwato. Mguu wake ukimalizia kwa nyayo yenye kucha, kipande cha chini kinakuwa kirefu mno. Chukua bega kwa punda, chini ya goti uhamie kwa paka.

Mwenye kuchora la miguu miwili mara kumi na tano au ishirini kwanza atakuta nusu ya kazi hii imeshafanyika. Anayeanza nalo hujifunza makosa mawili kwa wakati mmoja, na hajui lipi limemharibia.

Kichwa na magamba

Haya ni ya majoka yote, na hapa hakuna la kushindanisha sana. Kichwa cha la miguu miwili na la miguu minne kianze na kabari, si duara. Mstari wa mdomo upite nyuma ya jicho, kama kenge. Ukikatia mbele ya jicho, taya haliwezi kufunguka na joka litatabasamu kama mtu. Jicho liwe takriban katikati ya pua na kona ya taya. Mboni ya kenge ni ya duara, ya paka na mamba ni mfereji wa wima. Ya pili inatisha zaidi, ya kwanza ina akili zaidi. Joka refu ni kinyume kidogo: macho yamejitokeza, pua ni pana na butu, na sharubu mbili zinaning'inia. Wachina walisema lina magamba 117. Hakuna anayehesabu.

Na usiyachore yote. Magamba hupandana yakielekea mkiani. Makubwa mgongoni, madogo shingoni na kwenye viungo, mapana ya kukingama tumboni kama ya nyoka. Chora gridi ya mafungu mawili ya mistari inayokatana kimshazari na inayouzunguka mwili, uijaze pale tu ambapo mwanga unakutana na kivuli. Upande wenye mwanga mwingi uache mtupu, upande wa giza uzibe. Aliyejaza kila pahala amepoteza saa tatu na mwili ukawa bapa. Gridi iliyonyooka kama wavu uliotandazwa sakafuni inafanya kosa hilohilo. Mistari lazima ipinde pamoja na tumbo.

Penseli, biro au simu

La miguu miwili na la miguu minne yanataka penseli, kwa sababu utafuta sana: HB, iliyo ngumu kiasi, kwa mifupa; 2B au 4B, zilizo laini na nyeusi zaidi, kwa vivuli. Joka refu linakubali biro mapema, maana mstari wake ni mmoja na kutofuta kunafundisha mkono. Mkaa wa jikoni ni mgumu na unakwaruza. Ukitaka mkaa wa kuchorea, jaza vijiti vyembamba kwenye kopo, ufunike, uache tundu dogo, uchome mpaka moshi uishe, na usifungue kabla halijapoa.

Kunakili kwenye kioo cha simu kunafaa kwa kitu kimoja, kupima uwiano. Nakili mara moja, funika, kisha chora lilelile bila kutazama na ulinganishe. Anayenakili tu hupata picha nzuri leo na hawezi kuligeuza joka upande wa pili kesho.

Karatasi ya pwani inanywa unyevu, hasa majira ya kusi na mvua za masika. Ile nyembamba ya gramu 80 ikilowa jasho la kiganja inatoa nyuzi unapofuta, na penseli haishiki tena. Weka karatasi nyingine chini ya mkono, fanya mifupa kwenye gramu 80 na kazi ya mwisho kwenye nzito ya gramu 160 au zaidi, na uzihifadhi zimelala ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kati ya vibao viwili. Zikisimama ukutani kwa wiki moja zitajikunja zenyewe, na joka lako refu litapata pindo ambalo hukulichora.